Namna ya kuacha kuahirisha kwenda hospitali, ukianzia na usiku wako

Mtu anayeahirisha kwenda hospitali kwa kawaida hasemi kwamba hatakwenda. Husema atakwenda mwisho wa mwezi, au shule zikifungwa, au mvua zikikatika, na kwa kuwa kila moja ya ahadi hizo ni ya kweli wakati inapotolewa, nusu mwaka hupita bila yeye mwenyewe kujiona kuwa amekataa matibabu. Mimi nililalia ubavu mmoja kwa miezi saba kwa sababu ya jino. Mchana nilikuwa na kazi, nalo jino lilikuwa limetulia. Usiku, kichwa kikishafika kwenye mto, damu huelekea kichwani kwa wingi zaidi na jino lililooza kwa ndani huanza kugonga, na hapo nilikuwa nikiapa kwamba alfajiri nitakuwa wa kwanza kwenye foleni. Alfajiri ilipofika jino lilikuwa limenyamaza, nami ndiyo kwanza usingizi umenishika.

Sereen Thaddeus na Deborah Maine, katika makala yao ya mwaka 1994 kuhusu vifo vya wajawazito, waligawa ucheleweshaji katika sehemu tatu: kuchelewa kuamua kutafuta huduma, kuchelewa kufika kituoni, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Mgawanyo huo unafundishwa hadi leo kwa wahudumu wa afya, nao unafaa vilevile kwa presha, sukari na jino. Barabara mbovu na uhaba wa wahudumu si kosa la mgonjwa, wala mwongozo huu haudai kuviondoa. Unahusu ucheleweshaji wa kwanza, ule unaofanyika nyumbani, kichwani mwa mtu, na mara nyingi kitandani.

Usingizi unaingia hapa kwa pande zote mbili. Ugonjwa usiotibiwa huvunja usingizi kwa maumivu, kikohozi, mkojo au wasiwasi tu wa kutojua. Na mtu asiyelala vizuri huamka akiwa na nguvu kidogo za kufanya jambo gumu, maumivu humuuma zaidi ya yanavyostahili, na presha yake, ambayo kwa mtu mwenye afya hushuka kwa takriban asilimia 10 hadi 20 wakati wa usingizi, hukosa muda wa kupumzika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023, uliowafuatilia wanafunzi 3,525 wa vyuo vikuu vya Uswidi, uliona kwamba waliokuwa na mazoea zaidi ya kuahirisha mambo, miezi tisa baadaye walikuwa na dalili zaidi za sonona na wasiwasi, usingizi mbaya zaidi na hata maumivu ya mikono na mabega. Tofauti hazikuwa kubwa, na utafiti wa aina hiyo hauthibitishi kipi kilimzaa mwenzake, lakini unaonyesha kwamba mambo haya hutembea pamoja.

Kwa hiyo duara likatwe wapi? Ushauri unaosikika sana ni kuanza na usingizi: zima simu, acha kahawa, lala mapema. Mimi nashauri kinyume. Anayeamshwa na mkojo mara nne kwa usiku hatatibiwa na chumba chenye giza. Anza na miadi, na usingizi uutumie kama shahidi.

Hatua ya 1: Yatenge yasiyosubiri

Kabla ya kupanga lolote, hakikisha kwamba jambo lako si la kwenda sasa hivi. Mdomo uliopinda ghafla, mkono au mguu wa upande mmoja uliokosa nguvu, kauli iliyovurugika, maumivu ya kifua yanayobana na kuenea mkononi au shingoni, kushindwa kupumua, kutoka damu au kuumwa kichwa sana na kuona ukungu wakati wa ujauzito, degedege, na mtoto mdogo asiyeweza kunyonya au kunywa: haya hayana daftari wala miadi, ni ya kwenda saa hiyo hiyo, hata kama ni saa nane usiku na hata kama fedha haijapatikana. Fikra za kujidhuru nazo ziwekwe katika fungu hili. Usilale nazo peke yako, mwamshe mtu.

Hatua ya 2: Andika usiku saba

Chukua daftari la shule, uliweke kando ya kitanda pamoja na kalamu, na kwa usiku saba mfululizo uandike mambo manne tu: saa uliyozima taa, saa uliyoamka, mara ulizoamka katikati na kilichokuamsha, na jinsi ulivyojisikia ilipofika saa nne asubuhi. Usitumie simu kwa kazi hii, kwa sababu mtu anayefungua simu saa nane usiku ili aandike kwamba ameamka, hataifunga mpaka amepitia makundi yote ya WhatsApp. Mtu mzima anahitaji walau saa saba za usingizi. Ukijumlisha wiki nzima utaona mwenyewe umepungukiwa kiasi gani.

Kinachotafutwa zaidi, hata hivyo, ni sababu ya kuamka. Kuamka mara moja kwenda kukojoa si ajabu, hasa kwa aliyekunywa chai usiku. Kuamka mara tatu au nne, ukiwa na kiu isiyokatika na nguo zinazoanza kupwaya, ni sababu tosha ya kupima sukari, na kwa mwanamume aliyevuka miaka 50 ambaye mkojo wake hutoka kwa kukatikakatika, tezi dume nayo ichunguzwe. Miguu inayowaka moto au kuchomachoma usiku pia huweza kuwa ni sukari iliyokwisha kuharibu mishipa ya fahamu. Kikohozi kilichofikisha wiki mbili, pamoja na jasho linalolowesha shuka, homa za jioni na uzito unaopungua, kinaelekeza kwenye kifua kikuu, ugonjwa ambao matibabu yake hutolewa bure katika vituo vya umma nchini Tanzania na Kenya, na ambao kila wiki ya kuahirisha humweka hatarini kila anayelala chumba hicho. Anayehitaji mito mitatu ili apumue, au anayeshtuka usiku na kukimbilia dirisha kwa kukosa hewa, huku miguu ikivimba, asimalize usiku saba. Huyo moyo wake huenda umeanza kushindwa kazi, na aende asubuhi inayofuata.

Kukoroma kunahitaji maneno yake ya peke yake, kwa kuwa kwetu ni jambo la kuchekwa na si la kutibiwa. Mkoromaji ambaye pumzi hukatika kwa sekunde kadhaa, kisha akashtuka kama mtu aliyekabwa koo, na mchana akasinzia kwenye daladala au, jambo baya zaidi, akiwa ameshika usukani, ana dalili za ugonjwa wa pumzi kukatika usingizini. Ugonjwa huo huandamana mara nyingi na presha inayogoma kushuka hata kwa dawa. Mwenyewe hawezi kujisikia. Shahidi ni yule anayelala naye chumba kimoja, na ushahidi wake uandikwe kwenye daftari bila kuoneana haya.

Kuna pia usiku usio na maumivu yoyote, ambao mtu huamka saa tisa au saa kumi, moyo ukiwa mzito, na hawezi kulala tena. Hali hiyo ikidumu wiki mbili au zaidi, na hamu ya chakula, ya kazi na ya watu ikawa imepotea, yaelekea ni sonona, nayo hutibika. Wengi huahirisha hii kuliko magonjwa mengine yote, kwa sababu hawana kidonda cha kumwonyesha daktari. Daftari ndilo litakuwa kidonda chao.

Hatua ya 3: Itaje sababu halisi

Mficha maradhi kifo humuumbua, wasema wahenga, lakini naona methali hiyo imewalenga wanaowaficha wengine maradhi yao, ilhali wengi wetu tunajificha ukweli sisi wenyewe. Andika kwenye ukurasa wa nane wa daftari lile sentensi moja inayoanza na maneno "Siendi kwa sababu", na uimalize kwa ukweli. Mara nyingi jibu la kwanza, yaani "sina muda", si lenyewe. La pili ndilo.

Kama ni hofu ya majibu, jiulize swali dogo zaidi: ni kipimo gani hasa unachokiogopa? Mtu anayeogopa "kuambiwa ana ugonjwa mbaya" hawezi kufanya lolote na hofu pana kiasi hicho, lakini anayeogopa kupima presha anaweza kupima presha, kwa dakika tano, na kipimo hakiongezi ugonjwa ambao haukuwepo. Kama ni aibu, hasa ya kuchunguzwa sehemu za siri, una haki ya kuomba mhudumu wa jinsia yako, au mtu wa kuwa nawe chumbani. Kama uliwahi kufokewa mapokezi, na mimi nimefokewa, huna wajibu wa kurudi mahali pale pale. Chagua kituo kingine, maana ukigoma kutibiwa anayeumia si yule aliyekufokea.

Kama ni fedha, itenge hofu ya gharama na gharama yenyewe kwa kuuliza kabla ya kwenda. Tanzania ina laini ya Wizara ya Afya, namba 199, ambayo haitozwi. Sera ya afya inawasamehe malipo katika vituo vya umma wajawazito, watoto wa chini ya miaka mitano na wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo, na dawa za VVU na kifua kikuu hazilipiwi. Utekelezaji hutofautiana, ndiyo maana nasema uliza. Aliyeko Kenya ahakikishe amejisajili na SHA, mamlaka ya bima ya afya iliyochukua nafasi ya NHIF ya huko mwezi Oktoba 2024, akiwa bado mzima, kwa sababu kujisajili ukiwa na maumivu ni adhabu juu ya adhabu.

Halafu kuna sababu isiyotajwa kamwe, ambayo ni duka la dawa. Vidonge viwili vya Panadol, diklo (diclofenac) ya mgongo, Piriton ya kuleta usingizi: kila kimoja hununua usiku mmoja wa kuahirisha kwa bei nafuu. Panadol haipaswi kuzidi vidonge vinane vya miligramu 500 kwa siku kwa mtu mzima. Diklo ikitumiwa kwa wiki nyingi huweza kuchubua tumbo, kudhuru figo na kupandisha presha, kwa hiyo mtu anayetuliza kichwa kinachouma kwa sababu ya presha anaweza kuwa anaichochea presha ileile. Piriton ni dawa ya mzio. Kusinzia ni madhara yake ya pembeni, na asubuhi humwachia mtu kichwa kizito. Kanuni ninayoitumia ni kwamba dawa ya dukani ikinunuliwa mara ya tatu kwa tatizo lilelile ndani ya mwezi mmoja, fedha ya mara ya nne ni nauli ya kwenda zahanati.

Hatua ya 4: Chagua kituo kidogo

Wengi hungoja mpaka wapate fedha na siku nzima ya kwenda hospitali kubwa. Ni kosa. Presha, sukari, malaria, mkojo na VVU hupimwa kwenye zahanati na vituo vya afya. Kutoka hapo, ikihitajika, utapewa barua ya rufaa ya kwenda hospitali ya wilaya, ya mkoa, na hata hospitali kubwa za rufaa kama Bugando, KCMC au Muhimbili za Tanzania. Safari ya dakika kumi kwa miguu haiahirishwi kirahisi kama ya mabasi mawili.

Hatua ya 5: Ipe safari siku, saa na njia

Nia njema haina tarehe. Mwaka 2011 ulichapishwa utafiti kutoka Marekani kuhusu wafanyakazi wa kampuni moja waliokuwa wakihimizwa kwenda kuchanjwa dhidi ya mafua. Miongoni mwa walioarifiwa tu kuhusu siku za chanjo, takriban 33 kati ya kila 100 walichanjwa. Waliotakiwa pia kujiandikia tarehe na saa watakayokwenda, 37. Ongezeko ni dogo, ila gharama yake ilikuwa mstari mmoja wa kalamu.

Mstari wako uandikwe hivi: "Jumatano saa mbili asubuhi, zahanati ya kata, nitakwenda kwa miguu, dada atakaa dukani hadi saa sita, fedha iko kwenye bahasha ndani ya Kurani" au ndani ya Biblia, au popote ambapo fedha ya nyumba yako haiguswi ovyo. Chagua siku isiyozidi siku saba kutoka leo. Iepuke Jumatatu kama unaweza, kwa kuwa ndiyo siku ya wote waliougua wikendi. Mwambie mtu mmoja, naye awe yule atakayekuuliza Jumatano jioni, si yule atakayekuhurumia.

Andika na kizuizi unachokitarajia pamoja na jibu lake: mvua ikinyesha, nitapanda bajaji, mgeni akija, nitamwacha na watoto, nikifika nikakuta foleni ndefu, nitakaa.

Hatua ya 6: Linda usiku wa kuamkia miadi

Huu ndio usiku ambao miadi nyingi hufia. Mtu mwenye hofu ya kesho huikaribisha simu, na saa sita inakuwa saa nane. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utrecht nchini Uholanzi, wakiongozwa na Floor Kroese, waliandika kuhusu tabia ya mtu kuchelewa kulala pasipo sababu yoyote ya nje, wakaiita kuahirisha usingizi. Anayeahirisha hospitali na anayeahirisha kitanda mara nyingi ni mtu mmoja, naye anafanya jambo moja, yaani anaikimbia hali isiyopendeza itakayomkuta taa ikizimwa.

Kwa hiyo andaa kila kitu kabla ya chakula cha usiku: kadi ya kliniki, kadi ya bima, kitambulisho, bahasha, daftari, na dawa zote unazotumia, zikiwa kwenye mfuko mmoja karibu na mlango. Chai ya rangi na kahawa viishe alasiri, maana nusu ya kafeini huwa bado imo mwilini baada ya takriban saa tano. Simu ichajiwe sebuleni. Usingizi usipokuja baada ya kama dakika ishirini, inuka ukae mahali penye mwanga hafifu, urudi kitandani macho yakilemea. Kama utapimwa sukari ya kufunga, usile chochote kwa saa nane kabla ya kipimo, maji yanaruhusiwa. Dawa za presha usiziache kwa sababu ya kipimo hicho, ila anayechoma insulini aulize kwanza kituoni.

Hatua ya 7: Sema lililokuleta, na ulitangulize

Salamu zetu zenyewe zinatufundisha kusema "sijambo" hata tunapokuwa na jambo. Daktari akiuliza "Habari yako?" mgonjwa aliyeteseka miezi minne hujibu "Nzuri, namshukuru Mungu," kisha akataja kikohozi kidogo, na lile kubwa akalitoa mkono ukiwa kwenye kitasa cha mlango. Itikia salamu kama adabu inavyotaka, halafu weka daftari mezani na useme: "Daktari, nimekuja kwa sababu nimeamka mara nne kila usiku kwa wiki nzima, na hali hii ina miezi minne." Muda huo wa miezi usiupunguze kwa aibu. Daktari anauhitaji kuliko anavyohitaji maelezo yako ya kwa nini ulichelewa.

Presha ipimwe ukiwa umekaa kimya dakika tano, mgongo umeegemea, miguu haikupandana, mkono umewekwa usawa wa moyo, kibofu kitupu, na bila kahawa wala sigara kwa nusu saa iliyotangulia. Ukipimwa ukihema kutoka kwenye foleni, omba kwa upole irudiwe. Kipimo cha 140/90 au zaidi, kikirudiwa siku nyingine na kikabaki hapo, ndicho kinachoitwa shinikizo la juu la damu. Sukari ya kufunga ya 7.0 (mmol/L) au zaidi ikirudiwa ndiyo kisukari. Omba namba zako uziandike mwenyewe. Kabla ya kuinuka uliza mambo matatu: ugonjwa unaodhaniwa ni upi, nirudi lini, na dalili gani ikinipata nisingoje tarehe hiyo.

Kama majibu yote ni safi na usingizi bado haupatikani, hiyo nayo iseme. Kwa kukosa usingizi kwa muda mrefu, tiba inayopendekezwa kwanza ni mazungumzo na kubadili mazoea ya kulala. Vidonge huja baadaye.

Hatua ya 8: Miadi ya pili

Hapa ndipo kuahirisha hurudi kwa sura ya nafuu. Mgonjwa wa presha hujisikia mzima, huona vidonge havina kazi, na huviacha, ilhali uzima huo umeletwa na vidonge vyenyewe. Tarehe ya kurudi iandikwe kwenye kalenda ya ukutani siku hiyohiyo, na usiku saba urudiwe baada ya mwezi mmoja, kwenye daftari lilelile, ili kurasa mbili zilinganishwe kituoni.

Ikiwa anayeahirisha ni mzazi wako

Baba wa miaka sabini haamriwi. Ukimwambia "lazima uende ukapimwe," umemfanya mtoto mbele ya nyumba yake, na atakataa kwa heshima yake. Mwendee baada ya chakula, mwamkie, na uongee naye kuhusu usiku badala ya ugonjwa: "Shikamoo baba. Nimesikia unaamka sana siku hizi." Usingizi hauna aibu, na mzee ambaye hawezi kukiri kuwa anaumwa atakubali bila shida kwamba halali. Kisha usimwombe aende, mwombe akusindikize: "Alhamisi nakwenda kupima presha, nakuomba twende wote." Mkifika, pima wewe kwanza, akiwa anakutazama, halafu mpishe kiti.